Gari Lililolia Njiani Kwenda Posa

Mmeniuliza mmoja mmoja, kila mtu kwa njia yake, ilikuwaje safari ya saa mbili na nusu ikatuchukua siku nzima. Rotich, kaka yangu, ameshawaambia lake. Shangazi naye amewaambia lake, na najua ndilo tamu zaidi kwa sababu anaigiza sauti za watu. Basi nami niseme langu mara moja, lote, pamoja na ile sehemu ambayo ningependa isijulikane. Najua ndiyo mnayoitaka.

Kabianga mpaka Kericho

Gari mnalijua. Ni lile la marehemu babu, la kijani, foo-wili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililokaa chini ya mti nyuma ya zizi mpaka kuku wakaona ni lao. Mimi ndiye niliyelifufua. Sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwenye simu, nikitazama video za watu wa mbali wenye gereji safi kuliko jikoni kwetu, nikisimamisha, nikirudisha nyuma, nikiandika kwenye daftari. Nina daftari mbili. Ya pili ni nakala safi ya ile ya kwanza.

Lilibaki na ugonjwa mmoja tu: sili ya ekseli ya mbele, upande wa kushoto. Sili ni duara dogo la mpira na chuma. Kazi yake ni kuzuia oili ya difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli, isitoroke kwenda kwenye gurudumu. Ikichoka, oili hupenya, ikachanganyika na grisi, na kinachotoka nje ni uji mweusi. Nilikuwa nimeibadilisha mwezi uliotangulia. Kisha nikaona unyevu kidogo, kama jasho la pua, nikaibadilisha tena. Mtu mwingine angeufuta kwa kitambaa akaenda zake. Mimi sikupata usingizi.

Kwa hiyo Baba Mdogo aliposema gari hilo ndilo litakalotupeleka ng'ambo ya Bomet kumposea Rotich, nilifurahi na kuugua siku hiyohiyo. Baba Mdogo ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, naye ndiye angekuwa msemaji wetu. Shangazi ndiye angekuwa macho yetu. Mimi nilikuwa dereva. Rotich, kwa desturi, angebaki nyumbani na kungoja habari. Alikuwa amengoja sana kufika hapo. Nyanya yake Chemoi, msichana tuliyekuwa tunamposa, alikataa kutupokea mwaka mzima, na sasa alikuwa amekubali siku moja tu: Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi.

Ijumaa nililiosha gari, hata tumbo lake. Hiyo Ijumaa tutairudia.

Tuliondoka Kabianga kungali na ukungu. Rotich alitufungulia geti akainama kwenye dirisha langu. Hakunitakia safari njema. Alisema, "Kibet, tafadhali. Usiguse kitu njiani."

Kericho tulimkuta Shangazi amesimama nje ya duka lake la nguo, na thamosi ya chai, mfuko wa mandazi, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, cha kuwapelekea wenyeji wetu. Yeye haingii gari bila kulizunguka kwanza, kama anavyomzunguka kila mgeni wa ukoo. Alipofika gurudumu la mbele la kushoto alisimama.

"Kibet," alisema, "hii gari yako inalia."

Nilishuka. Mstari mweusi ulikuwa umeteremka kutoka ndani ya rimu mpaka kwenye tairi. Niliugusa, nikasugua kati ya vidole, nikanusa. Oili ya breki ni nyepesi na haina harufu kali. Hii ilikuwa nzito, na harufu yake ni ya kiberiti na yai lililooza. Ilikuwa oili ya difu. Sili mpya, ya siku tisa, niliyoipachika kwa mikono hii.

"Ni jasho tu," niliwaambia. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Baba Mdogo alisafisha koo. Alitukumbusha kwamba sisi ni watu wa kanisa na hatuamini ishara. Kisha akauliza ni gurudumu la upande gani. Nilipomwambia ni la kushoto, alifumba macho akaomba, na aliomba kwa muda mrefu kwa mtu asiyeamini ishara.

Kwa wale ambao si wa kwetu, niseme hivi. Zamani watu wakienda kuomba msichana walikuwa wakiisikiliza njia. Nyoka akikatiza, au ndege akilia upande mbaya, au mmoja wao akijikwaa vibaya, walisema njia imekataa, wakageuka. Na ukigeuka hurudi tena mpaka ualikwe upya. Siku hizi tunasema hayo yamepitwa na wakati. Tunayasema zaidi tukiwa tumekaa nyumbani.

Kericho mpaka Litein

Njia hii inapanda na kushuka katikati ya majani chai, na kwa kawaida huwa inanituliza. Siku hiyo nilisikia kila mlio. Shangazi alinigawia andazi, nikalishika mkononi mpaka likapoa. Alisema nikikunja uso hivyo nitafika Bomet nikiwa na umri wa Baba Mdogo.

Kabla ya Litein, lori la majani lilikuwa limekwama kwenye kona karibu na kituo cha kupimia, na magari yamesimama pande zote mbili. Baba Mdogo alishuka kunyoosha miguu. Alikuwa amevaa suti nyeusi na kofia, na mkononi ana faili lenye hotuba yake. Wakulima waliokuwa wakingoja kupimiwa wakamwona, wakadhani afisa amefika hatimaye. Walimzunguka na malalamiko yao ya mizani. Angeweza kuwaambia mara moja kwamba hahusiki. Lakini mwalimu mstaafu hasikilizwi hivyo kila siku, kwa hiyo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ya maana, na ndipo akawaeleza kwamba yeye anaenda posa. Mama mmoja alimwambia basi awasalimie huko wakwe, na akifika awaulize kama mizani yao ni ya kweli.

Mimi wakati huo nilikuwa nimelala chini ya gari. Upande wa kushoto uji ulikuwa unadondoka sasa. Niligeuza kichwa kutazama upande wa kulia, upande mzima, ambao haujawahi kuvuja hata tone, nao ulikuwa umelowa.

Shangazi aliinama akaangalia pamoja nami. "Asubuhi ilikuwa inalia na jicho moja," alisema. "Sasa imesikia habari yote."

Lori lilipoondolewa, nilikanyaga breki kwenye mteremko na gari likavuta upande mmoja. Oili ilikuwa imefikia breki. Baba Mdogo alishika faili lake kwa mikono miwili. Alisema tukifika Litein tutaamua, na hakuna aliyemuuliza tutaamua nini.

Litein

Mama Kerubo ana kibanda cha spea na uwanja mdogo wa kufanyia kazi, ng'ambo ya barabara na hoteli ya chai. Wazazi wake walitoka milima ya Kisii kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai. Baba yake aliendesha trekta, na yeye, kama anavyosema mwenyewe, alijifunza kutambaa chini ya trekta. Tulimkuta amekaa kwenye stuli anakula ndizi. Baba Mdogo na Shangazi walivuka kwenda hotelini. Mimi nilitoa daftari.

Nilimweleza kila kitu. Tarehe za sili zote mbili, mawazo yangu kwamba pengine ekseli ina mkwaruzo, au sili zenyewe ni za bandia, au beringi inacheza. Nilikuwa na mchoro. Alinisikiliza mpaka ndizi ikaisha.

"Umemaliza?" aliuliza. "Sawa, kijana wa daftari. Sili moja ikivuja, ni sili. Mbili zikivuja asubuhi moja, wacha sili, uliza kitu ingine. Ingia chini, fungua ile nati ya kujaza oili. Polepole."

Niliingia, nikailegeza. Difu lilitoa pumzi ndefu, kama soda iliyotikiswa, na oili ya moto ikanirukia kidevuni.

Nilibaki pale chini nikitazama juu. Nilikuwa nimeshajua.

Sasa turudi Ijumaa. Juu ya difu kuna kimpira chembamba kinachopanda mpaka karibu na injini. Ndicho pua ya difu. Gari likitembea, difu hupata joto, hewa iliyo ndani inatanuka, na inatokea hapo. Nilipokuwa naosha, niliona mdomo wa kile kimpira uko wazi, hauna kifuniko. Nikafikiria vumbi. Nikafikiria maji ya mito yote iliyoko kati ya Kabianga na Bomet. Nikakata utepe wa tyubu ya baiskeli, nikaufunga mdomo ule kwa mizunguko mitatu, nikapaka silikoni juu, na ilipokauka nikazinyoosha kingo kwa mkasi. Kisha nikapiga picha, kwa ajili ya daftari. Hewa ilipokosa pua ikatafuta mlango mwingine, na milango iliyobaki ilikuwa sili zangu.

Mama Kerubo alipitisha mkono kando ya injini, akapapasa, akatulia. Alitumia dakika nzima kukifungua kile kifundo. Alikitoa kikiwa kizima, akakigeuza kwenye mwanga.

"Nani alifunga hii vizuri hivi?" aliuliza.

Nilijifuta oili kidevuni. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa.

"Ni kama kupika githeri na kuwekelea jiwe kwa kifuniko," alisema. "Itamwagikia kando. Kosa si la sufuria."

Akakagua. Ya kulia, alisema, ilikuwa imesukumwa tu. Gari likipumua itashika. Ya kushoto ilikuwa imepinduka mdomo na lazima itoke. Pedi za breki za upande huo nazo zimeshalowa. Alikuwa na sili na alikuwa na pedi. Tukianza mara moja tungemaliza saa sita.

Simu yangu ilikuwa inalia mfukoni. Rotich, mara ya tatu. Nilitazama ng'ambo ya barabara. Baba Mdogo alikuwa mbele ya kikombe ambacho hajakigusa, amevaa miwani, anatafuta namba kwenye simu yake taratibu, kwa kidole kimoja. Shangazi hakuwa anacheka. Nilijua anatafuta namba ya nani na atawaambia nini: kwamba njia imekataa. Macho mawili, asubuhi moja, gari lililotengenezwa juzi. Nyanya aliyekataa mwaka mzima angesikia hivyo na asiulize tena.

Mama Kerubo alikuwa anafuta mikono. "Mimi naweza kuwaambia ni sili mbaya," alisema kwa sauti ya chini. "Duka ilikuuzia takataka. Watu huamini hiyo."

Nakiri kwamba nilifikiria. Nilikuwa nimekiambia kijiji kizima kwamba gari lile halina kasoro. Lakini sili mbaya ingemsaidia nani? Kitu kikiharibika chenyewe, bila mkono wa mtu, hiyo ndiyo maana ya njia kukataa. Ishara ni jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Hili lilikuwa na mtu aliyelifanya, na alikuwa amepiga hata picha.

Nilivuka barabara nikiwa na ule utepe mkononi.

"Baba Mdogo, usipige," nilisema. "Njia haijakataa. Ni mimi."

Nikauweka utepe mezani, katikati ya vikombe, nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kurekebisha, mpaka mwenye hoteli akazima redio ili asikie. Baba Mdogo aliuinua utepe, akausogeza karibu na miwani kama insha ya mwanafunzi.

"Ulizungusha mara tatu?"

"Mara tatu."

"Na hii nyeupe?"

"Silikoni."

"Ya nini?"

"Maji yasiingie."

"Na hewa ingetokea wapi?"

"Sikufikiria hewa, Baba Mdogo."

Shangazi ndiye aliyeanza. Alijaribu kwanza kwa leso, akashindwa. "Yaani sisi tunaomba tangu Kericho," alisema, "tunauliza Mungu anasema nini. Na Mungu hakuwa amesema kitu. Ni Kibet alikuwa amesema."

Baba Mdogo hakucheka upesi hivyo. Alirudisha simu mfukoni, akavuta kikombe chake, akaonja chai iliyopoa. "Ishara," alisema hatimaye, "haifungwi na tyubu ya baiskeli." Akaagiza chai nyingine, na mayai ya kuchemsha, na akamtuma mwenye hoteli anipelekee langu kule chini ya gari.

Bado Litein

Kazi yenyewe ilienda vizuri, na ninaieleza kwa sababu ndiyo saa niliyoipenda katika siku nzima. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu, jeki mbele, tukatoa gurudumu, tukaining'iniza breki kwa waya ili mpira wake usivutwe. Beringi na nati nilizipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka. Ekseli ikavutwa, ndefu na nyeusi, na nyuma yake uji wote ukamwagika kwenye karai. Sili ya zamani ilitoka kwa kubanduliwa. Mdomo wake ulikuwa umepinduka kweli, kama mtoto aliyenuna.

Nilisafisha kitako cha sili kwa petroli. Nikasafisha tena. Nilipochukua kitambaa cha tatu Mama Kerubo aliuliza, "Unaosha ama unabatiza?"

Alinipa kipande cha mbao cha kugongea sili mpya na akakaa kwenye stuli yake. Aliniacha nifanye mwenyewe. Mara moja tu alinishika mkono, nilipokuwa nagonga upande mmoja zaidi. "Zunguka," alisema. "Usiikazanie mahali pamoja." Nilizunguka. Ikaingia sawa, nikasikia sauti yake ikibadilika ilipogusa chini.

Tulirudisha kila kitu, tukaweka pedi mpya, grisi na oili, kile kimpira tukakiacha mdomo wazi, ukitazama chini. Nikalipandisha gari kilimani na kurudi. Nilipapasa nyuma ya gurudumu. Pakavu. Nilipapasa tena na Mama Kerubo akaniambia niende kabla wakwe hawajalala.

Alitufungia ndizi za kupelekea wenyeji wetu. Akamwambia Baba Mdogo, "Mwalimu, huyu ni fundi. Mwachie ufunguo, lakini mnyang'anye mkasi."

Litein mpaka Bomet

Nilimpigia Rotich nikamwambia tunaenda. Aliuliza shida ilikuwa nini. Nilimwambia ni mimi. Akasema, "Hiyo nilijua. Nauliza gari."

Sotik tulinunua mahindi ya kuchoma nami nikashuka kukagua. Pakavu. Kabla ya Bomet nikashuka tena. Mara ya tatu, njia panda ya murram, Shangazi alichomoa ufunguo akaukalia. Alisema ataurudisha nikiahidi kutazama mbele kama madereva wengine.

Ng'ambo ya Bomet

Tulifika saa nane na nusu. Walikuwa wameketi, wamechoka kutungoja, na watoto walikuwa wameacha kuchungulia. Nyanya yake Chemoi ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye shali ya rangi ya kahawia. Baada ya salamu na sala aliuliza kile anachoulizwa kila mgeni: njia ilikuwaje.

Baba Mdogo alisimama na faili lake. Kwa wiki mbili alikuwa ameisoma hotuba ile mbele ya ng'ombe. Aliifungua, akaitazama, akaifunga, na akawasimulia habari yangu. Yote. Lori, macho mawili, githeri, mizunguko mitatu. Nilikaa nikitazama kucha zangu, ambazo zilikuwa bado nyeusi. Mjomba wa msichana alisema hawezi kuamini mpaka auone huo utepe, na hapo ndipo nilipojua Shangazi aliutia mkobani. Ulipita mkono kwa mkono sebule nzima, kama picha ya mtoto mchanga.

Ulipofika kwa nyanya, aliushika na kuuliza, kwa Kipsigis, nani alikuwa akijua kabla sijasema.

Baba Mdogo alimjibu kwamba hakuna, isipokuwa fundi wa Litein.

"Na kama kijana huyu angenyamaza?"

"Tungegeuka, Kogo," alisema, kwa neno letu la nyanya. "Nilikuwa nimeshika simu."

Alinitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko Litein yote. Kisha akageukia mlango wa jikoni akauliza mbona wageni wamekaa muda wote huu bila chakula. Baba Mdogo alikaa chini taratibu. Shangazi alinifinya goti. Mnajua nyumba zetu: anayekuja na neno lisilotakiwa huletewa maji. Sisi tuliletewa kimyet, yaani ugali, kuku, na mursik yao juu ya ile yetu, na Chemoi mwenyewe ndiye aliyeibeba sinia. Aliponifikia aliniambia kwa sauti ya chini nisifunike sahani yangu, chakula kinahitaji kupumua.

Mengine yaliyosemwa alasiri hiyo ni ya wazee, na Rotich atawaambia tarehe.

Kurudi

Tulipokuwa tunaaga, nyanya alitoka na tawi refu la sinendet, ule mmea wetu wa baraka, ili alivishe gari. Alienda nao mbele ya boneti, akasimama, akaniita.

"Nionyeshe kwanza," alisema, "pua iko wapi."

Nilimwonyesha. Akahakikisha yuko mbali nayo, ndipo akaufunga sinendet kwenye kioo cha pembeni, fundo moja tu, legelege, ncha moja ndefu kuliko nyingine. Hakuzinyoosha.

Sasa umekauka na ungali pale pale, umekaa upande. Nimeugusa mara mbili tu tangu turudi, na mara zote mbili niliuacha ulivyokuwa.